Gari Lililougua Siku ya Ukaguzi

Mlio ulipopasuka kwenye mteremko wa kuingilia Kasulu, hoteli nzima ya chai ililala chini. Ulikuwa mwaka wa sabini na nane, mwishoni, vita vya kule Kagera vimepamba moto, na mgambo walikuwa wamepita mtaa kwa mtaa wakifundisha watu namna ya kulala kifudifudi. Wakalala wachuuzi wa maharage, akalala mwalimu mkuu, akalala mwenye hoteli na birika lake mkononi. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki kitini. Alimaliza chai yake, akamaliza na andazi la jirani yake aliyekuwa chini ya meza, kisha akatega sikio upande wa barabara.

"Inukeni jamani," alisema. "Hiyo si bunduki. Hilo ni gari linacheua."

Mtu huyo aliitwa Tamimu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na shingoni alining'iniza kipimo cha daktari, kile cha kusikilizia mapigo ya moyo. Alivyokipata kipimo hicho ni habari aliyoisimulia kwa namna moja Tabora na kwa namna nyingine Uvinza, nasi hatuna sababu ya kuamini hata moja. Alijitambulisha kuwa ni mtaalamu wa magonjwa ya ndani ya magari. Kusema kweli hakuwa mtaalamu, na hata ufundi wenyewe alikuwa nao wa kuungaunga. Alipata kuwa dereva wa Mmarekani mmoja mpima madini, na gari la Mmarekani yule liliugua ugonjwa mmoja tu, tena mara kwa mara. Ugonjwa huo Tamimu aliujua vizuri. Mwingine angetafuta kujifunza na magonjwa mengine, lakini yeye aliona mmoja unamtosha, mradi awapate wagonjwa.

Na sasa mgonjwa alikuwa anateremka mlimani peke yake, bila kuitwa.

Lilikuwa gari kubwa la Kimarekani, usukani kushoto, nyuma pana kiasi cha kulaza ng'ombe. Daktari wa misheni aliyerudi kwao alilibwaga kwa bei ya kutupa, na aliyeliokota ni Abbasi Khatibu, mwenye duka kubwa karibu na soko. Abbasi alilipenda gari lile kuliko alivyowapenda wateja wake, jambo ambalo wateja walilijua. Siku zile alikuwa hana usingizi. Kamati ya kukusanya magari ya vita ilikuwa njiani, ingefika Alhamisi, na huko ilikopita ilikuwa imeondoka na kila chenye magurudumu kinachopanda mlima. Abbasi hakuwa na ugomvi na vita. Alitaka tu viende bila gari lake.

Tamimu alimkuta uani, boneti iko wazi, jasho linamtiririka.

"Asalaam aleikum, mzee wangu. Mgonjwa ana siku ngapi hajalala?"

"Aleikum salaam. Mgonjwa yupi?"

"Huyu." Tamimu aliweka kipimo masikioni, akagusisha kile kisahani chake kwenye bomba, akafumba macho. "Mh," akasema. Akahama. "Mh," akasema tena, kwa huzuni zaidi. "Pole sana. Mafundi wa hapa wamekuambia nini?"

"Mmoja kasema plagi, mwingine kasema mafuta machafu. Wa tatu kasema nimwite shehe."

"Wote hawakujua kwamba gari hili lina pafu la ziada."

Akamwonyesha. Pembeni mwa injini palikuwa na pampu inayozungushwa na mkanda, nayo Tamimu aliieleza taratibu kama anamsomea wosia. Wamarekani, alisema, walikuwa wameanza kuuonea haya moshi wao. Basi wakaweka pampu hii ivute hewa safi na kuipuliza kwenye ekzosi, ili mafuta yaliyobaki bila kuungua yamalizikie humo humo na moshi utoke msafi. Lakini dereva akiachia mafuta ghafla, mathalani anapoteremka mlima, ekzosi hujaa mafuta mabichi. Hapo hewa ikiingia, panalipuka. Kwa hiyo pana valvu ya kuitupa hewa nje wakati huo. Valvu ikilala usingizi, ndiyo ile *pa!* inayowalaza watu chini.

"Na kwa nini imelala?" Abbasi aliuliza.

"Hilo ndilo la kupima. Nahitaji povu la sabuni, nipake kwenye mipira, nione panapovuja."

Hapa msomaji ajue kwamba Kasulu ilikuwa haijaona sabuni tangu mvua za mwanzo. Watu walikuwa wanafua kwa majani ya mpapai. Abbasi alisita, akatazama kulia na kushoto, akaingia ndani, akatoka na mche mzima wa sabuni, mpya, haujaguswa na maji. Tamimu alikata kipande kidogo kwa ajili ya povu, uliobaki akautia kwenye mkoba wake, na kichwani akaandika kwamba penye mche mmoja pana katoni.

Povu halikuhitajika kabisa. Mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kuiamsha ile valvu ulikuwa umepasuka, na mtu yeyote angeuona kama angejua pa kutazama. Kuutengeneza ni kazi ya dakika ya kuvutia sigara. Tamimu aliufunika kwa kiganja.

"Nimeuona ugonjwa," alisema. "Sasa, mzee wangu, niambie bila kunificha. Unataka lipone, au unataka liugue?"

Wafanyabiashara wazuri huelewana kwa haraka.

"Unaweza kulifanya liugue mpaka Alhamisi?"

"Naweza."

"Na Ijumaa lipone?"

"Inshallah. Lakini kutia ugonjwa ni ghali kuliko kuponya, kwa sababu dhamiri inanisumbua."

Wakapatana kwa sukari, ambayo nayo ilikuwa haipatikani Kasulu, ila ndani kwa Abbasi. Tangu siku hiyo mpaka Alhamisi Tamimu alikuja kila asubuhi, akafungua boneti, akausikiliza ule mpira uliopasuka, akauacha ulivyo. Mara chache mtu amelipwa kwa kutofanya kitu kwa uangalifu mkubwa namna ile.

Alhamisi kamati ilifika ikiongozwa na Ndugu Nestori, Muha wa Kibondo, mtu mpole asiyecheka wala kununa. Alipanda mwenyewe, akalipeleka gari mpaka kileleni, akageuza. Mji mzima ulikuwa unatazama. Lilipoanza kuteremka na Nestori akaachia mafuta, lililipuka, likanyamaza, likalipuka tena na kutoa ulimi wa moto nyuma. Mgambo waliopanga mstari mzuri kando ya barabara walikutwa mtaroni.

Nestori alishuka, akafuta miwani.

"Hili halifai," alisema. "Nikilipeleka mpakani, litaanzisha vita vyake lenyewe."

Abbasi alisikitika kwa sauti kubwa. Alisema moyo wake ulikuwa umeshakwenda Kagera, ni gari tu lililomwangusha. Nestori akampa pole, akaondoka na malori mengine kuelekea Kibondo, ambako msafara ulikuwa unakusanyika kabla ya kwenda kaskazini.

Ijumaa, baada ya swala, Abbasi alimwita Tamimu. Huku akifunga vifungo vya kanzu alisema, "Haya, liponye."

Tamimu alitikisa kichwa. Alikuwa ameshaliona gari lile katika ndoto zake za mchana, nalo katika ndoto hizo halikuwa la Abbasi.

"Mzee, lilipotoa moto nyuma nilishtuka. Ugonjwa umeshuka kwenye valvu ya ndani. Iko valvu kama ile Kibondo, kwenye gari bovu la wamisheni. Inabidi nilipeleke mgonjwa mwenyewe, taratibu, maana akiendesha mwingine litapasuka."

Abbasi hakuwa mjinga. Kumpa mgeni gari lake ni jambo ambalo asingelifanya hata kwa kushikiwa panga. Lakini Tamimu alikuwa ameliandalia njia. Aliinama, akatazama vidole vyake vya miguu, akasema kwamba kuna neno jingine limekaa kifuani, ila anaona haya. Akasema amemwona Asia, binti wa dada yake Abbasi, na kwamba kama wazee wangeridhia, asingependa kuitwa mgeni tena.

Abbasi alipiga hesabu upesi. Mkwe halipwi mshahara. Tena wiki ile kulikuwa na uvumi kwamba baada ya magari, kamati itakagua maduka. Gari lililokataliwa mbele ya mji mzima hakuna kizuizi kitakacholisimamisha. Likienda Kibondo tupu, itakuwa ni kumkufuru Mungu.

"Sisi hatukatai watu wema," alisema. "Utakwenda na mzigo kidogo. Na dada yangu Mwajabu atakusindikiza, mama wa huyo Asia. Mwone ndiye mama mkwe wako."

Bi Mwajabu alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mtaratibu, wa maneno machache. Habari ya posa alipewa uani, akaipokea kwa kusema "Haya". Asia alipoambiwa alicheka mpaka akakaa, akaendelea kukaanga vitumbua. Tamimu yeye alifurahi sana. Aliona mama wa namna ile atasinzia kabla ya kuuacha mji, na kwamba barabara ya Kibondo ina mahali pengi pa kumshushia mtu.

Alichosahau, kwa kuwa alikulia vituo vya treni, ni kwamba ukwe katika nyanda zile si neno la mdomoni. Mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe. Hamtazami usoni, hapazi sauti, hampingi mbele za watu, na akisema jambo, limesemwa. Mwanamume anayemuumbua mama mkwe wake hadharani hapati tena pa kunywea maji kuanzia Kasulu mpaka Kakonko. Sheria hizi hazikuandikwa popote, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kupata upenyo ndani yake.

Walitoka asubuhi, nyuma kumejaa sukari na katoni za sabuni chini ya magunia ya mihogo mikavu. Kila mteremko gari lilipiga *pa!* na kila kijiji kililala. Kufika katikati ya safari, Bi Mwajabu aliomba wasimame. Akafungua kikapu: kuku wa kuchoma, ugali wa muhogo, maharage, na ndizi za kuiva. Harufu ilijaa gari lote. Tamimu, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, alinyoosha mkono.

"Mwanangu," Bi Mwajabu alisema kwa upole, akitazama pembeni. "Nala mimi mama mkwe wako."

Ikambidi ashuke, akasimame nyuma ya gari akiwa amegeuza mgongo, huku mvua inaanza. Bi Mwajabu hakuwa mtu wa kula haraka. Alipomaliza alifunga kikapu, akaita, "Twende, mkwe," wakaendelea.

Jitihada ya kumwacha njiani Tamimu aliifanya karibu na Kitahana, penye tope.

"Mama, gari limekuwa zito. Ungeshuka kidogo utangulie kwa miguu, nitakuchukua kule mbele."

"Hapana, mwanangu. Watu wataniona natembea, watasema mkwe wangu hana adabu. Nakulindia jina."

Mbele yao palikuwa na miteremko mirefu, halafu vizuizi vya mgambo wa Kibondo, watu wa mpakani, ambao walijulikana kwa kupiga kwanza na kuuliza baadaye. Vilevile Tamimu alikuwa na mnunuzi upande wa Nyabibuye, na mnunuzi hanunui gari linalolipuka. Ilimbidi aliponye hapo hapo. Mama alikuwa amefumba macho. Tamimu alishuka, akafungua boneti, akang'oa ule mpira uliopasuka. Hakuwa na mpira mwingine isipokuwa ule wa kipimo chake. Alikitazama kipimo hicho kwa uchungu wa kweli, akakikata kwa wembe, akachomeka kipande mahali pake. Kilikaa kana kwamba gari lilizaliwa nacho. Akapandisha injini, akaachia mafuta ghafla. Hewa ilitoka pembeni kwa mlio mdogo wa *fff*, ekzosi ikanyamaza kimya.

Alipoketi tena kwenye usukani, macho ya Bi Mwajabu yalikuwa wazi.

"Limepona," alisema.

"Limetulia tu, mama. Ni la kupona kule Kibondo."

"Kumbe ni kampira tu."

"Kampira kwa macho, mama. Ugonjwa huu anayeujua nchi hii ni mimi peke yangu. Hata jeshini hawana mtu wa kuusikia."

"Peke yako?"

"Peke yangu, haki ya Mungu."

Waliteremka mlima mrefu, gari limenyamaza, pembeni watoto wanapunga mikono badala ya kulala chini. Baadaye Bi Mwajabu alianza kusema, si kwa Tamimu hasa, ila kwa kioo cha mbele.

"Mwanangu wa kwanza anaitwa Gharibu. Wamemchukua mwezi uliopita, yuko huko Kagera. Juzi amepita kijana wa jirani, amerudi na mguu mmoja. Anasema mwenzake alikufa, si kwa risasi. Alikufa kwa kungoja gari." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nilikuwa pale sokoni Alhamisi. Gari lilipokataliwa, kaka yangu alishukuru Mungu kwa siri, nikamwona. Naogopa, mwanangu. Kila siku naogopa."

Tamimu aliona haya kidogo. Haya hiyo ilimshika kwa kilometa kadhaa, kisha ikamwachia, maana paa za Kibondo zilikuwa zimeanza kuonekana.

"Mkwe," Bi Mwajabu alisema, "tupite bomani kwanza. Kuna mtu wa ukoo wa marehemu mume wangu, nimwamkie."

"Mama, tumechelewa."

"Nimwamkie," alirudia, akitazama pembeni. Sheria ni sheria. Tamimu alikata kona.

Bomani palikuwa pamejaa malori yamepangwa, askari, na kina mama waliokuja kuwaaga watu wao. Mtu wa ukoo wa marehemu alikuwa amesimama katikati akifuta miwani. Alikuwa Ndugu Nestori.

"Mwakeye, mulamu," alisema Bi Mwajabu, akimwamkia kwa Kiha kama shemeji, akashuka kwa utulivu.

"Mwakeye. Yebaba we!" Nestori alilitazama gari kwa mshangao. "Hili si lile bunduki la Kasulu?"

"Ndilo. Lilikuwa na ugonjwa. Mkwe wangu huyu ameliponya kwa mkono wake, kwa kukata kifaa chake mwenyewe. Lijaribu."

Nestori alipanda, akalizungusha mteremko wa bomani. Kina mama walianza kulala chini, wakaambiwa wainuke. Gari lilishuka kimya kabisa. Nestori aliporudi, kwa mara ya kwanza uso wake ulikaribia kucheka.

"Hili litalaza majeruhi wengi," alisema. "Lakini nani atalijua likiugua tena huko?"

"Yeye," alisema Bi Mwajabu. "Ndiyo maana nimemleta. Ameniambia mwenyewe kwamba jeshini hawana mtu. Amejitolea yeye na gari."

Vigelegele vilipasuka kabla Tamimu hajafungua mdomo. Alijipenyeza mpaka kwa Bi Mwajabu, akainama, akanong'ona huku akitazama ardhi.

"Mama, gari si langu mimi, ni la mzee Abbasi."

"Kweli, mwanangu. Basi tumweleze Ndugu Nestori kwamba wewe si mkwe wangu. Atauliza wewe ni nani, na sukari hii iliyoko nyuma ni ya nani, na sabuni hii watu waliyoitafuta mwezi mzima ulikuwa unaipeleka kwa nani. Nianze kusema, au utasema wewe?"

Tamimu alitazama magunia ya mihogo. Alitazama rumande, nyumba ndogo yenye mlango wa chuma upande wa pili wa uwanja. Alitazama malori yakielekea kaskazini. Katika maisha yake alikuwa amewanasa watu wengi kwenye mtego kama huo, ila alikuwa hajawahi kuuona kwa upande wa ndani.

"Nimejitolea," alisema.

"Sauti," alisema Nestori.

"Nimejitolea!"

Akapewa kofia. Mizigo ikashushwa kwenye duka la ushirika, na Bi Mwajabu akasimama mwenyewe mlangoni kuhakikisha kila mtu anapata kidogo kwa bei ya serikali. Kabla msafara haujaondoka alirudi kwenye dirisha la gari akiwa na paja la kuku lililobaki, limefungwa kwenye jani la mgomba.

"Hili ule ukishafika mbali, nisikuone," alisema. "Na ukimkuta Gharibu ameumia, usimngojeshe."

"Sitamngojesha, mama," alisema Tamimu, na jambo la ajabu ni kwamba lilimtoka hivyo hivyo, bila mpango wowote nyuma yake. Akatia gia. Gari likaondoka bila kukohoa.

Bi Mwajabu alirudi Kasulu juu ya lori la mbao. Abbasi alikuwa mlangoni, anang'ata ukucha.

"Dada! Gari limepona?"

"Limepona kabisa. Halitoi hata mlio."

"Alhamdulillahi. Na mzigo?"

"Umekwisha wote. Watu wa Kibondo wanakushukuru sana kwa bei nzuri uliyowawekea."

Abbasi alishika mwimo wa mlango. "Bei ipi?"

"Ya serikali."

"Na gari liko wapi, dada?"

"Limekwenda kule moyo wako ulikokuwa umetangulia. Mkwe naye kaenda nalo."

Abbasi alitaka kupiga kelele, lakini mtaani watu walikuwa wameanza kusimama, wengine wanampa mkono wa hongera, maana habari ya mfanyabiashara aliyetoa gari lake kwa ajili ya majeruhi ilikuwa imefika kabla ya lori la mbao. Mwalimu mkuu alimkumbatia. Abbasi alikumbatiwa, akashukuru, akasema ni wajibu.

Walipoachwa wawili aliuliza kwa sauti ndogo, "Watalirudisha?"

"Vita vikiisha."

"Na vitaisha lini?"

"Mimi sijui," alisema Bi Mwajabu. "Mimi nawaza Gharibu."

Abbasi aliingia dukani, akakaa kwenye gunia tupu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mapigano yaanze, aliomba aletewe redio, na ilipofika habari ya Kagera aliwanyamazisha watu wote.